Neno la Herufi Nne Juu ya Gunia

Wajukuu, leteni masikio, nawategea. Nina nyumba ya vyumba vinne. Katika vyumba viwili vya katikati wanakaa mapacha. Anayejua kusoma mlango wake anaingia salama. Asiyejua anaweza kufa. Ni nini hiyo?

Fikirini. Mimi naendelea.

Mwaka ule wa vita tulikaa mtaa wa Lumumba, hapa Bunia: mimi, Léontine, mke wa mtoto wangu, na watoto wake wawili. Risasi zilikuwa zimenyamaza siku chache tu. Njaa haikunyamaza. Léontine alipeleka kitenge chake kipya sokoni, akarudi na nusu gunia ya mahindi kichwani.

Mahindi yale yalikuwa mekundu, kama yamepakwa rangi. Juu ya gunia kulikuwa na karatasi yenye maandishi. Mimi nilisoma shule ya msingi, Kifaransa kidogo nakijua. Maandishi yale yalinishinda.

"Mama, ile iko Kiingereza," Léontine akasema. "Gunia imetoka Uganda."

"Na huu wekundu?"

"Tutaosha."

Kazi hiyo sisi wa Djugu tunaijua. Muhogo mchungu tunauloweka siku tatu, uchungu unatoka na maji, tunakula. Basi tukaloweka sehemu ya mahindi vilevile. Tukabadilisha maji mara tatu. Maji ya mwisho yalikuwa meupe kabisa. Nikasema, sasa iko safi.

Kesho yake nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikakaanga kikombe kimoja cha kwanza. Watoto wakasogea. Mara mtu akaingia uani. Alikuwa Marcellin, kaka ya Léontine. Alikuwa ametembea siku tatu kutoka Mongbwalu. Miguu ilikuwa imevimba.

Kwetu mtu wa njia hakai mikono mitupu. "Watoto, ngojeni," nikasema. "Mujomba kwanza."

Nikampa kikombe chote. Nikaona mkono wake unakwenda mdomoni. Akashukuru. Hakukaa. Mke wake Chancelle alikuwa amepotea katika kukimbia, na watu walimwambia yuko kambini, karibu na uwanja wa ndege. Akatoka kumtafuta.

Nikaweka sufuria ya mahindi mengine motoni. Hapo ndipo alipoingia jirani yetu Adeline, kuomba makaa. Adeline alisoma Uganda. Siku zile alifanya kazi na watu wa kilimo. Aliona gunia, akasimama.

"Mama! Nani amekula hii?"

"Bado. Tunapika."

"Toa sufuria! Toa!" Aliitoa yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, na kitambaa. "Hii haiko chakula. Iko mbegu ya kupanda. Wameipaka sumu ya wadudu. Ule wekundu wameuweka makusudi, ili mtu aogope."

"Lakini tuliosha, mwanangu. Tuliloweka kama muhogo."

"Muhogo ni muhogo, Mama. Hii sumu haitoki na maji. Moto pia hauiwezi. Ukiosha unaondoa rangi, sumu inabaki. Watoto wamekula?"

"Hapana."

"Hakuna mtu hata mumoja?"

Nikakumbuka kikombe cha kwanza. Léontine ndiye aliyesema: "Marcellin."

Adeline akamwita mume wake Hubert, mwenye baiskeli. "Mubebe Léontine, mutafute Marcellin kambini. Kama amekula, mumupeleke hospitali mbio. Musingoje aanze kutapika wala kutoka jasho. Musimulazimishe kutapika. Na mukate hii karatasi ya gunia, munganga aone jina la sumu."

Wakaondoka. Njia ya kambi ilikuwa na vijana wenye silaha. Niliwaombea Mungu mpaka mdomo ukakauka.

Adeline alichimba shimo mbali na kisima, akafukia mahindi ya sufuria. Akatunawisha mikono kwa sabuni. Akachukua kaa baridi, akaandika juu ya mlango.

"Soma, Mama. Hesabu herufi."

"Moja, mbili, tatu, ine. S, E, E, D."

"Maana yake mbegu. Na hii: F, O, O, D. Chakula. Na hii: F, E, E, D. Chakula ya nyama wa kufuga, kuku na nguruwe."

"Yote ine," nikasema. "Na katikati mapacha."

"Njo vile! E na E, O na O. Hii ya mwisho, K, E, E, P, maana yake chunga, inaanza onyo ya kuweka kitu mbali. Ukiona neno usilolijua, usipike. Uliza. Na gunia ya sumu usiwekee unga."

Wajukuu, kitendawili chenu ndicho hicho. Leo akina mama wa avenue yetu, barabara hii, wote wanayajua maneno yale manne. Mbegu iliyobaki tuliipanda kwa mikono iliyofungwa mifuko ya plastiki, na miezi minne baadaye tulikula mahindi meupe, yasiyo na sumu. Lakini saa ile sikufikiria shamba. Nimemuua mtu kwa mkono wangu, ndivyo nilivyofikiri.

Jua lilikuwa bado juu waliporudi, wanne kwa miguu, Hubert akisukuma baiskeli. Marcellin alitembea mbele. Nyuma yake alikuwa Chancelle, mwembamba, analia.

"Ulikula?" nikamuuliza.

Marcellin akaja mpaka mbele yangu.

"Njia muzima tunamuuliza," Hubert akasema. "Amekataa hospitali, eti ataongea mbele yako tu, Mama. Kichwa ngumu kama nini!"

"Marcellin, mwanangu, unasikia tumbo? Ulikula?"

Akapitisha mkono juu ya shavu lake. Akaingiza mwingine mfukoni, akatoa mahindi yote, ngumi baada ya ngumi.

"Mama, unisamehe," akasema. "Kule Mongbwalu walinipiga na kitako cha bunduki, meno ya kutafuna yakaisha. Niliona haya kukataa chakula yako, nikapeleka mukono mutupu ku mudomo. Haya nilimuwekea Chancelle, na sijamupa bado. Sikukula hata punje."