Nukta ya Kumi na Tano

Chupa kumi na mbili zilikuwa mezani. Ndani ya kila moja, bakteria walipaswa kuwa wamekula gesi waliyopewa Ijumaa. Jumatatu asubuhi kipimo kilionyesha kwamba gesi yote ilikuwa bado imo.

"Wameuawa," alisema Munira, mtafiti mkuu wa maabara hiyo ndogo ya Kinondoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

Inspekta Mwanakombo alivaa glovu. "Nieleze kwa Kiswahili cha sokoni."

"Taka za dampo la Pugu zinatoa methani. Bakteria hawa wana kimeng'enya kinachoivunja gesi hiyo. Ndiyo meno yao. Ijumaa hii jopo la wafadhili linakuja kuona gesi ikipungua. Isipopungua, mradi unafungwa. Na shimo tulimowatoa limeshafukiwa, afande. Hakuna mbegu nyingine."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, fundi wetu wa maabara Didas, na mlinzi."

Mlinzi, Mzee Mwinshehe, alikuwa langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Mie wadudu hao siwajui. Nawalinda, lakini hata sura zao sijaziona."

"Tangu Ijumaa uliondoka langoni?"

"Mara moja, jana, nilipokwenda kuswali adhuhuri. Nusu saa tu. Nilifunga lango."

Mwanakombo alirudi ndani na kuinama kwenye sinki. Mdomoni mwa bomba la kutolea maji palikuwa na tope jeupe lenye harufu ya kitunguu saumu.

"Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchomelea, Temeke," alisema. "Harufu hii nimekua nayo. Ni kabaidi. Ukiitia maji inatoa asetilini, gesi ya kuchomelea."

Munira aliketi. "Asetilini! Kimeng'enya kinaidhania chakula. Kikiing'ata, kinaharibika hapo hapo. Aliyefanya hivi anajua anachofanya."

Inspekta alikuwa akitazama vizibo vya mpira. "Nukta hizi nyekundu?"

"Kila tukidunga sindano, tunaweka nukta kando ya tundu, kisha tunaandika daftarini. Zikifika ishirini, tunabadilisha kizibo."

Mwanakombo alihesabu. Kizibo cha kwanza kilikuwa na nukta kumi na tano, na vingine vyote vivyo hivyo. Daftari lilionyesha sindano kumi na nne kwa kila chupa.

"Mlinzi anazijua nukta hizi?"

"Hajui hata kama zipo."

Walibaki watu wawili. Munira alishinda Jumapili nzima Mwananyamala, kwenye hitima ya shangazi yake. Simu tatu zilitosha kuthibitisha.

Alasiri Didas aliketi katika chumba cha mahojiano.

"Unahojiwa kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Una haki ya kukaa kimya."

"Sina cha kuficha. Jana nilikuwa kanisani."

"Adhuhuri?"

"Nililala nyumbani."

Mwanakombo aliweka mezani kizibo kimoja, ndani ya mfuko wa vielelezo. "Hesabu."

Didas alihesabu kwa midomo. Kwenye nukta ya kumi na tano kidole chake kilisimama.

"Mwizi gani huyu," aliuliza Inspekta, "anavunja nyumba kisha anasaini kitabu cha wageni?"

Didas nusura acheke. "Miaka mitatu, afande. Mkono umeweka wenyewe."

"Kwa nini?"

"Nani alizama dampo hadi magotini kuchota udongo ule? Mie. Nani aliwalisha Idi na Krismasi? Mie. Wiki iliyopita likaja bango la jopo. Kuna picha ya Munira, kashika chupa namba saba. Chini wameandika: 'Bakteria wa Munira.' Nilitafuta jina langu hadi kwa wapika chai. Halipo."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia hongera."

Inspekta aliandika, kisha akainua kichwa. "Chini ya sinki mna dawa ya madoa. Ungeimimina, kazi ingekwisha. Kwa nini uhangaike na kabaidi?"

Didas aliinamisha uso. "Dawa ya madoa ingewaua."

Kalamu ilisimama. "Kwani hawajafa?"

"Nimewang'oa meno tu. Nilitaka Ijumaa wamwaibishe mbele ya jopo. Halafu ningewaamsha mie, ijulikane ni wa nani."

"Wanaamshwaje?"

Didas aliitazama kalenda ukutani. Alikuwa na haki ya kunyamaza, na wote wawili walilijua hilo.

"Toeni asetilini ile yote," alisema hatimaye. "Wapeni methanoli kidogo. Hiyo haihitaji meno. Wakishiba wataota mapya. Siku nne, lakini Munira aanze leo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Na namba saba asiilishe sana. Ina tumbo dogo."

Jioni Munira alidunga chupa ya mwisho. Aliweka nukta ya kumi na sita, akavuta daftari.

"Namba saba ina tumbo dogo!" alisema kwa uchungu. "Wivu gani huu? Kazi yote hii nimeifanya mimi, yeye alikuwa anadunga sindano tu."

Mwanakombo alilichukua daftari. Alifunua ukurasa wa chupa namba saba na kumwonyesha safu ya jina la aliyedunga. Mstari baada ya mstari, ilikuwa na herufi moja: D.

"Hesabu," alisema.

Munira alianza kwa sauti. Alipofika kumi na nne, mstari wa mwisho, kidole chake kilisimama.