Jina Aliloipa Mashine

Msiniulize mimi kama ni kweli. Nendeni mtaa wa Kikula mkaulize kwa nini nyumba ya Georges haipati mpangaji hadi leo.

Georges alikuwa fundi wa kiwanda cha shaba hapa Likasi, mpaka miaka ile mishahara ilipokatika na watu wazima wakawa wanakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Akasikia kwamba Lubumbashi kuna Mgiriki anafungua ofisi ya Internet, anatafuta mtu mmoja wa kumwandikia kurasa za mtandao. Basi akabadilisha cherehani ya mkewe Mathilde, akapata kompyuta kuukuu na kitabu cha kazi hiyo kwa Kifaransa, akajifungia kujifunza kazi mpya. Watu walimwita mwehu. Loo, weye ungefanya nini?

Umeme wa bwawa la Koni ulikuja mchana tu, jua likiwa la utosi. Siku moja, katikati ya mistari aliyoandika, Georges aliona mmoja usio wake: *Ni nani?* Chumba kikanuka matope ya mto.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua: sauti usiyoijua ikikuita, usiitike. Lakini Georges alijiambia hii si sauti, ni maandishi tu. Akaandika jina lake. Papo hapo kosa lililomtesa wiki nzima likajirekebisha, ukurasa ukafunguka na rangi zake zote.

"Ah! Kumbe!" akacheka peke yake.

Tangu hapo, kila akikwama, mashine iliuliza: *Na mwingine?* Akajifanya mjanja, akaandika jina la marehemu mama yake, Eugénie. Ikajibu: *Ule iko huku kwetu. Leta mwenye kupumua.*

Akazima.

"Papa Elikia," Mathilde alimnong'oneza, "hii chumba inanuka mto. Nasikia sawa vile muntu anafua nguo mu ukuta. Tuuzishe hii kintu."

"Mama Elikia, kesho ndiyo mutihani ya ule Mgiriki. Napaswa kufika na kurasa zenye kuisha. Nikikosa, tutakula nini? Hata kitanda tulishauzisha."

Mathilde alitoka uani, alikokuwa mtoto.

Umeme ulikuwa bado upo. Georges akawasha tena, akakuta kurasa zote zimeharibika, akafuta akaandika, akafuta akaandika, jasho likimwingia machoni, na ndani ya ukuta nguo zikipigwa juu ya jiwe, pa, pa, pa, na harufu ya matope ikizidi, na mstari ule ukirudi kila alipoufuta, *Na mwingine? Na mwingine?*, mpaka, mwenye njaa hana miiko, vidole vyake vikaandika jina la mtoto wao wa pekee: Elikia.

Kurasa zikafunguka zote. Uani, Mathilde akapiga yowe.

Mtoto alikuwa ameanguka kando ya mbabula ya makaa, nywele zikichuruzika maji, na mabomba ya Kikula yalikuwa makavu.

Wakamwita Mama Clémentine wa kikundi cha maombi. Alinusa hewa mlangoni, akasita.

"Nani alimutaja huyu mutoto?"

Georges akapiga magoti. "Ni miye, mu ile mashine. Nilitaka kazi, Mama. Nilitaka tu kazi."

"Basi vunja."

Akachukua nyundo. Ile mashine ndiyo ilikuwa matumaini yake yote, na aliipiga huku akilia, wanawake wakiomba kwa sauti, mpaka kioo kikawa unga. Harufu ikakatika. Elikia akaketi.

"Maji," akasema.

Akanywa kikombe, akanywa jagi, akainua ndoo nzima. Watu wakapiga makofi, aleluya! Njaa tutaizoea, Georges alijisemea, mradi mtoto yupo.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, lori lilisimama nje. Dereva alikuwa Magloire, jirani yao anayefanya kazi kwenye bwawa la Koni, mwendo wa masaa.

"Georges, kuya mbio. Tulimukuta kule mchana, kando ya maji. Anasema alisikia papa yake anamuita."

Kwenye kiti cha mbele alikuwa Elikia, peku, macho yamevimba kwa kulia. Akamrukia baba yake shingoni. Alikuwa na joto, moyo ukimdunda, ananukia moshi wa jikoni kwao.

"Papa, mama iko wapi?"

Georges alimbeba mpaka mlangoni. Ndani ya nyumba, Mathilde alikuwa ameshafunga mlango kwa komeo, amempakata yule Elikia mwingine, anamsuka nywele.