Vifaru vya Marehemu Ramzi

"Kimoja tena hakipo."

Pili alisimama mbele ya kabati la kioo, simu sikioni. Aliyekuwa akimsikiliza ni Hanif, mchumba wake, fundi wa vyuma hapo Machakos mjini. Ndoa yao ilikuwa Ijumaa inayofuata.

"Kipi sasa?"

"Kile cha Waitaliano. Kwanza kilipotea cha Wamarekani, kikafuata cha Wajapani."

"Kufuli imevunjwa?"

"Hapana. Hakuna kitu imeguswa."

"Basi mwizi ako na ufunguo. Nani huingia hapo ukiwa kazini?"

"Ni Ndanu tu, anayenifulia."

"Umejijibu."

Vifaru hivyo vilikuwa vya Ramzi, mume wake marehemu. Vilitosha kiganjani, vya chuma kizito, mfano kamili wa vifaru vyepesi vya Vita vya Pili vya Dunia. Ramzi aliviagiza kimoja kimoja na kuvipangusa kwa brashi ya rangi. Tangu wamzike, Pili ndiye aliyeishika hiyo brashi.

Akamwita Ndanu.

"Mama, mimi hapo natoa vumbi ya kioo tu," Ndanu alisema, mikono bado ina povu. "Nikiiba kifaru nitakipeleka wapi?"

"Nenda, Ndanu. Usirudi."

Alimfukuza kwa sauti, majirani wakisikia.

Kesho yake Hanif alikuja na zawadi.

"Nyoosha mkono."

Ilikuwa bangili ya kijivu, nzito, imeng'arishwa.

"Nimeyeyusha chuma nikaiunda mwenyewe."

"Ni chuma gani?"

"Zawadi haiulizwi ilikotoka." Akaisukuma mpaka ikamchubua kifundo. "Sasa wewe ni wangu."

Ilimbana. Kila alipotaka kuivua, ujumbe uliingia kwa simu: "Bado umeivaa?"

Jumatatu mchana akampelekea pilau karakana. Hanif alikuwa ametoka kununua gesi. Pili akasogeza mkebe wa rangi apate pa kuweka chakula, mkebe ukapinduka. Ikamwagika minyororo midogo ya plastiki, na magurudumu madogo ya mpira. Mnyororo mmoja ulikuwa na gundi ambayo Pili mwenyewe aliipaka, siku kifaru cha Wajapani kilipoanguka.

Akaiangalia bangili mkononi.

"Nani amekwambia ufungue hiyo?" Hanif alikuwa mlangoni.

"Uliviyeyusha."

"Nilikuwa nakupunguzia mzigo."

"Uliingiaje kwangu?"

"Pili, milango yako yote nilichomelea mimi, na funguo za ziada nilibaki nazo."

Aliyasema polepole, kama mtu anayebembeleza. Kisha akauvuta mlango wa chuma nyuma yake.

"Huyo mtu amekufa."

"Najua. Nilimwosha kwa mikono hii."

"Nikikaa kwako naona ananiangalia kwa hicho kioo."

"Ungeniambia, ningevitoa. Badala yake uliniacha nimfukuze Ndanu."

"Keti tuongee."

Pili hakuketi. Alichovya vidole kwenye mafuta ya pilau, akajipaka mkononi, akaizungusha bangili mpaka ikatoka na ngozi. Akaiweka mezani.

"Fungua, Hanif. Mafundi wenzako wako hapo nje, na mimi nitapiga kelele."

Hanif akaufungua mlango. Akasogea kando.

Hata hajafika nyumbani, ujumbe ukaingia: "Ndoa iko palepale. Ukifunga, nitafungua."

Alimpa kaka yake, Abdalla, simu. Abdalla akausoma mara mbili. Akaenda kuwaambia wazee wa Hanif kwamba ndoa haipo, kisha akaupeleka ujumbe polisi. Jioni hiyo fundi mwingine akabadilisha kufuli zote.

Pili akampigia Ndanu.

"Nilikukosea. Alikuwa ni Hanif."

"Mama, nilimwona siku moja akifungua hilo kabati. Niliogopa kusema, ulikuwa unampenda sana."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Lakini kwanza waambie majirani wako mimi si mwizi. Kwa sauti ile ile."

Pili akavaa buibui, akatoka, akagonga mlango wa kwanza.