Maji ya Manukato kwa Mzee Bunlue

Kila likizo Pailin alishinda maabarani. Mama yake, Daktari Sumalee, alichunguza saratani ya ubongo katika chuo kikuu kimoja huko Chiang Mai, na seli zake hazikujua Jumapili wala sikukuu. Zilitaka kulishwa. Basi mama akivaa koti jeupe, Pailin, mwenye miaka kumi na mmoja, alikaa karibu na hadubini na kuota ndoto za mchana.

Alipenda sana kuchungulia. Ndani ya hadubini seli ziling'aa kijani, zikanyoosha vidole vyembamba, zikagusana taratibu. Pailin alijiona anaelea juu ya mji usio na sauti. Wakati mwingine mama alimwita mara tatu kabla hajasikia.

"Usizipende mno," Thanwa, mwanafunzi wa mama, alimtania. "Hizo ndizo zilizomuua Mzee Bunlue."

Mzee Bunlue alikuwa muuza tambi. Kabla hajafa aliwaruhusu madaktari wachukue kipande cha uvimbe wake wajifunze. Kwa hiyo maabara nzima ilimwita Mwalimu Mkubwa, na kila asubuhi Thanwa aliunganisha viganja mbele ya kabati la joto zilimokaa seli zake, akainamisha kichwa.

Ikafika Songkran, sikukuu ya mwaka mpya. Watu walimwagiana maji barabarani. Pailin alimmiminia bibi yake maji ya manukato viganjani, akapokea baraka, kisha akafuatana na mama hadi maabara, chupa ingali mfukoni. Mama alipotoka kupokea simu, Pailin alilitazama kabati. Mwalimu Mkubwa naye ni mzee, aliwaza. Yeye nani amemmiminia?

Akalifungua. Akachagua kisahani chenye kifuniko chekundu, cha seli zilizopewa dawa mpya iliyokuwa ikijaribiwa, maana alizionea huruma. Akadondosha matone kadhaa, akanong'ona, "Utubariki, Mwalimu," akafunga. Alijisikia mwepesi mwili mzima.

Kesho yake Thanwa alipiga ukelele. "Daktari, njoo uone! Za kifuniko chekundu zimekufa zote! Zisizopewa dawa ni nzima kabisa! Miaka mitatu ya kazi, Daktari, miaka mitatu!"

Machozi yalimtoka Thanwa. Mama alicheka kwa furaha, akaketi kuwaandikia wenzake wa Bangkok waanze kuijaribu dawa ile kwa panya, ili siku moja ifike kwa wagonjwa.

Pailin alikumbuka matone yake ya manukato. Hakuna aliyemwona, na Kaka Thanwa alikuwa na furaha kama bwana harusi. Angeweza kunyamaza tu. Lakini aliwafikiria wagonjwa wanaoisubiri dawa hiyo, akamshika mama mkono.

"Mama, usiitume barua. Si dawa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimmiminia Mwalimu Mkubwa maji. Kwenye kisahani chekundu."

Thanwa akaketi sakafuni. "Yale ya manukato? Yenye spiriti?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

"Mtoto wewe!" Akashika kichwa kwa mikono miwili, asijue acheke au alie. "Umenipotezea kazi ya siku kumi. Haya, ungenyamaza ningepoteza miaka mingapi?"

Mama hakucheka. Aliifuta barua. "Kabati halifunguliwi bila ruhusa, unajua. Likizo hii hutagusa kitu humu ndani. Utaosha chupa tu."

Pailin aliosha chupa siku kumi, huku Thanwa akianza upya. Siku ya kumi na moja watatu hao waliinamia hadubini kwa zamu. Safari hii seli zilizopewa dawa zilikufa theluthi moja tu. Nyingine ziling'aa kijani kama kawaida.

"Kidogo," alisema Thanwa, kisha akatabasamu. "Lakini hizi zimekufa kweli kwa dawa."

Pailin aliinama. "Nilitaka kumheshimu tu, Mama."

Mama alimvuta karibu. "Najua, mwanangu. Lakini Mwalimu Mkubwa alituachia sehemu ya kichwa chake ili tuujue ukweli. Tukimdanganya yeye, tutamdanganya na mgonjwa atakayemeza dawa yetu kwa matumaini. Kwa hiyo ukikosea, sema upesi, hata kama wote wanashangilia. Kusema kwako siku ile ndiko kulikomheshimu."

Kisha akamfungulia daftari la maabara, akampa kalamu aandike mwenyewe, kwa jina lake, kilichotokea siku ya Songkran.