Chupa ya Mzee Chenge

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Kokulinda alipofika nyumbani kwa akina Kashindye, Buswelu. Alikuja kuchagua chupa ya maji. Hilo tu.

Alikuwa amechoka. Tangu asubuhi alikuwa akipanga vifaa vya safari: siku sita za kutembea kwa miguu kwenye vilima vya mawe upande wa Magu, kuhesabu viota vya ndege. Huko juu hakuna kisima. Mwezi Juni chupa yake ya plastiki ilivuja ndani ya begi bila yeye kujua, akaanguka kwa kiu saa nane mchana, wenzake wakambeba kama gunia la mpunga. Alexander, kiongozi wa msafara, hakumgombeza. Alimwambia kwa upole ambao uliuma kuliko matusi.

"Koku, ukianguka tena, nafasi yako nitampa mtu mwingine."

Safari nyingine ilikuwa kesho yake, saa nne asubuhi. Ndipo Kashindye, aliyekaa naye meza moja ofisini, alipomwambia kwamba marehemu baba yake aliacha chupa nzuri. Mzee Chenge aliwaongoza wapima ardhi kwenye vilima hivyohivyo kwa miaka thelathini. Alifariki mwezi Aprili. Leo ndugu walikuwa wanagawana vitu vyake.

Walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani. Koti lilikuwa limeshachukuliwa. Redio imechukuliwa, panga limechukuliwa. Kwenye ungo zilibaki chupa tatu.

"Shikamoo, mama," Kokulinda alimsalimia mjane.

"Marahaba, mwanangu."

Macho ya Mama Kashindye yalikuwa mekundu, yamezama. Si macho ya kulia. Yalikuwa macho ya mtu asiyelala.

"Huyu ndiye Mhaya wenu?" shangazi mmoja aliuliza. "Mwembamba hivi atabeba nini?"

"Atabeba digrii yake," Kashindye alijibu. Watu wakacheka kidogo.

Kokulinda alichuchumaa mbele ya ungo. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki ya njano, nyepesi, lakini ilishika harufu ya juisi ya zamani, na harufu ya namna hiyo haitoki. Ya pili ilikuwa ya kuhifadhi baridi, yenye kuta mbili. Nzuri, ila tupu tu ilikuwa nzito kama tofali. Ya tatu ilikuwa ya chuma cha pua, ukuta mmoja, imebonyea ubavuni. Mdomo ulitosha kupitisha brashi ya kuoshea. Mpira wa mfuniko haukuwa na ufa. Ukikosa sufuria, unaiweka hivyohivyo motoni na maji yanachemka.

Aliinusa. Ugoro. Na harufu ya jiwe lililochomwa na jua.

"Naomba maji niijaribu," alisema.

Akaijaza. Akaifunga. Akaigeuza kichwa chini, akaitikisa, akahesabu mpaka sitini. Haikudondosha hata tone.

Kisha, kwa kuwa maji ya kujaribia hayanywewi, alifungua mfuniko, akasogea mlangoni pa nyumba, akayamwaga yote chini.

Vichwa vyote uani viligeuka.

Ardhi iliyanywa maji yale upesi... upesi mno.

"Amemmwagia," shangazi alinong'ona.

Mama Kashindye alifumba macho. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Ichukue na mfuniko wake."

* * *

Chumbani kwake Igoma, saa mbili kasorobo usiku, Kokulinda aliijaza chupa maji yaliyochemshwa na kuiweka kwenye mzani mdogo wa jikoni. Kila kitu cha safari alikipima na kukiandika daftarini. Gramu elfu moja mia tatu na arobaini.

Akakunja soksi. Akakunja neti.

Alipotazama tena, mzani ulisoma elfu moja mia tatu.

Inavuja, alifikiri. Aliinyanyua. Chini pakavu. Akaifuta, akaitandikia karatasi ya chooni, akakaza mfuniko mpaka kiganja kikamuuma. Akaketi kitandani, akaikodolea macho.

Karatasi ilibaki kavu.

Kisha akasikia.

Koo. Koo la mtu, likimeza funda moja, polepole, kama anywavyo mgonjwa.

Elfu moja mia mbili na sitini.

Harufu ya ugoro ilijaa chumbani. Kokulinda hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mno, na nani angemwamini? Alijimiminia kwenye kikombe maji yaliyobaki sufuriani, akanywa. Akanywa kikombe cha pili. Ulimi wake ulibaki mkavu kama gunzi.

Funda jingine.

Elfu moja mia mbili na ishirini.

"Bado," sauti ilisema, karibu na mlango. Sauti ya mzee. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka kama yeye.

Alimpigia Kashindye simu.

"Kashi. Kuna mtu anakunywa maji yangu."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Baba alikutwa kwenye mawe," Kashindye alisema kwa sauti ya chini. "Midomo imepasuka kwa kiu. Chupa mkononi, imejaa. Hatujui kwa nini hakunywa. Tangu tumzike, kila jioni anamwomba mama maji mlangoni. Mama anamwagia usiku kucha. Hayamfikii."

"Kwa nini?"

"Kwetu tunasema aliyekufa na kiu, maji ya ndugu hayamfikii. Mpaka amwagiwe na mtu wa nje. Basi huyo ndiye anakuwa mnyweshaji wake."

"Na hukuniambia."

"Nilikwambia uje uchague, Koku. Kumwaga, ulimwaga mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ningekuwa muungwana ningekuzuia. Lakini ungemwona mama yangu... miezi minne."

Kokulinda alitazama mzani. Ulikuwa umeshuka tena.

"Nafanyaje?"

"Asubuhi ilete. Mkabidhi mama mkononi mwake, kabla hujaondoka na safari. Akiipokea, mambo yanarudi kwake kama yalivyokuwa. Ukishavuka nayo daraja la mto Simiyu, njiani kwenda Magu, ni yako."

Simu ikakatika. Kokulinda alikaa ameegemea ukuta. Kila chupa ilipoisha, aliijaza. Asipoijaza, sauti mlangoni ilikuwa inasema tu, "Mwanangu... mwanangu..." na hilo hakuweza kulivumilia.

Aliendelea kuandika daftarini. Funda moja, gramu arobaini. Mafunda sita kwa saa. Karibu lita sita kwa siku, na yeye alipangiwa lita tatu za kunywa kule vilimani.

* * *

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, alifika Buswelu na begi lake la safari mgongoni, chupa ameibana kwapani. Njia nzima alikuwa amejiandalia maneno. Hana ugomvi na mtu. Anaheshimu mila za watu. Lakini akianguka safari hii, kazi imekwenda, na labda na yeye mwenyewe amekwenda, midomo imepasuka, juu ya jiwe lisilo na jina. Angesema hivyo, angeweka chupa kwenye mkono wa mama, angeondoka.

Kashindye alimpokea uani, kidole mdomoni.

Mama Kashindye alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, ubavu mmoja, kinywa wazi, khanga imemteleza begani. Nzi alitembea shavuni mwake na hakushtuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya mkeka, kiganja kimeangalia juu, kimefunguka.

Ingetosha kuinama tu.

"Amelala tangu jana saa moja," Kashindye alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sikuwahi kumsikia akikoroma. Unasikia?"

Kokulinda alisikia. Alisimama pale, macho yake mwenyewe yakimchoma kwa usingizi, akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Umekuja kuirudisha?" Kashindye aliuliza.

"Nimepita kuaga," alisema. "Nipe dumu la lita tano."

"Utaliweza, na begi hilo?"

"Nipe."

Akaenda kwenye tangi. Akaijaza chupa kwanza, kisha dumu, bomba amelifungua kidogo tu ili maji yasipige kelele. Akakaza mifuniko yote miwili. Akatoka nje ya ua kwa kunyata, akashika njia ya kwenda barabarani, ambako gari la Alexander lingempitia.

Kabla hajafika kwenye lami, alisikia mafunda ndani ya dumu, moja baada ya jingine, na dumu lilikuwa limeanza kuwa jepesi. Alilihamishia mkono wa pili, akaendelea kutembea.