Kilio Kilichoingia Kwenye Chuma

Mbao zilikuwa na maji. Mashua ya tanga ilikuwa imekaa juu ya magogo miaka sita, nyuma ya soko la mifugo la Isiolo, mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Lakini Bile fundi alipofunua kifuniko cha injini, mkono wake ulirudi umelowa na unanuka samaki.

"Hii maji imetoka wapi?"

"Wewe toa injini," dada yake Hamdia akajibu kutoka chini. "Nyanya yangu inakauka shambani Rapsu, wewe unauliza habari ya maji!"

Mwenye mashua alikuwa akiipeleka Ziwa Turkana kwa lori, akakata tamaa, akaiacha. Hamdia alinunua injini aifanye pampu. Mgongoni alimbeba Umulkheir, mtoto wa miezi minane, ambaye kila akilia humaliza kwa kikohozi kidogo.

Bile aliiwasha injini kidogo ili oili ilainike, akaizima, akaelekeza nje mpira wa kutolea oili. Kwao kila mtoto hufundishwa: ukimwaga cha moto chini, sema bismillah kwanza, wasioonekana wasogee. Bile alijua. Haraka tu ndiyo iliyomsahaulisha.

Oili ya moto ikamwagika chini ya mashua. Mtoto akapiga yowe.

"Abaayo, dada," Bile akanong'ona, "huyo ni Umu?"

"Umu amelala."

Kilio kilitoka kwenye udongo. Kisha sauti ya mwanamke, iliyochoka: "Mmenichomea mtoto. Acheni injini, mwende."

Bile akaangusha spana. "Tuache, wallahi tuache!"

Hamdia akaiokota, akamrudishia. Aliogopa kweli. Lakini msimu wake wote ulikuwa kwenye zile nyanya.

"Vuta," akasema.

Bile akavuta cheni ya kunyanyulia injini, na kwa kila pingili kilio kikapanda, kikatoka udongoni kikaingia kwenye mbao, kikatoka kwenye mbao kikaingia kwenye chuma, mpaka injini ikawa inaning'inia juu ya pikapu yao ikitetemeka ilhali imezimwa, na harufu ya samaki ikawajaa kooni wasiweze hata kuomba dua. Ikatua. Pakawa kimya.

Umulkheir akaamka, akafungua mdomo alie. Sauti haikutoka.

Sheikh alimsomea. Daktari alisema koo ni zima. Nyanya nazo hazikungoja. Bile akaifunga injini shambani Rapsu, akaiwasha. Maji yakaja. Ndani ya ngurumo ya injini mtoto akalia, akalia, akamaliza kwa kikohozi kidogo kile cha Umu.

Bile akanyoosha mkono kuizima. Hamdia akaushika kwa mikono miwili.

"Usizime, walaalo, ndugu yangu. Nakuomba."

Leo ni siku ya tisa. Shamba limefurika, nyanya zinaoza zikielea, majirani wanalalamika. Dizeli ikikaribia kuisha Hamdia hukimbia na mtungi, binti yake mgongoni, mdomo wazi, kimya.