Mbona Halikui?

Jirani anasimulia, na hakuna wa kumkatisha, kwamba fundi wa minara ya simu alisimama juu ya gari lililopinduka, akaweka machoni ile darubini yake kubwa, akaliona tangi la maji kule mwisho wa dunia, na ndipo wakapona. "Kitu kinachokuza mara ishirini si mchezo!" humalizia, akijipiga paja.

Mpwa wa fundi, msaidizi wake aliyekuwa naye safarini, anakumbuka mengine.

Gari liliteleza ukingoni mwa korongo, likabingirika hadi chini. Walitoka hai, lakini kifundo cha mguu wa fundi kilivimba kama kiazi. Stendi ya darubini ilivunjika. Dumuni yalibaki mafunda machache ya maji, na simu hazikushika. Wakajikokota hadi juu ya korongo, wakatokea kwenye uwanda mweupe usio na hata kichaka cha kujibanza.

Kazini, darubini ile ilikaa juu ya stendi, ikamwonyesha fundi kila nati ya mnara. Sasa aliishika kwa mikono iliyochoka.

"Gari!" akasema kwa koo kavu. "Linakuja. Linarukaruka kwenye mashimo!"

Wakakaa kulingoja. Jua likawachoma visogo, midomo ikapasuka, dumu likakauka. Fundi akachungulia tena, safari hii ameiegemeza darubini kwenye bega la mpwa wake. Bega nalo lilikuwa linahema.

"Linakuja," akarudia.

"Mjomba, kama linakuja, mbona halikui?"

"Angalia na hicho kidarubini chako kinachokuza mara saba tu, cha kutazamia mpira!"

Mpwa akaangalia. Akakita viwiko magotini, akabana pumzi. Kitu kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, ila kilitulia tuli.

"Lina miguu minne, mjomba. Ni tangi. Kinachorukaruka ni mikono yako."

Fundi alitazama viganja vyake. Kisha akanyoosha mkono. "Niinue."

Walitembea wameegemeana, wakianguka, wakiinuka, hawana hata nguvu ya kulaumiana. Kila walipopumzika fundi aliuliza, "Bado lipo?"

"Lipo. Limekua."

Mlinzi wa tangi hakuwauliza wametoka wapi. Alifungua bomba. "Taratibu, mtatapika," akasema, akamshika fundi asidondoke.

Leo fundi amelala sebuleni, mguu juu ya mto. Nje ya dirisha, jirani ameanza kusimulia upya. Safari hii tangi limesogea mbali zaidi. Fundi anasikiliza, halafu anamgeukia mpwa wake na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo zamani.

"Mwache tu, mwanangu. Na wewe wakikuuliza, sema ni hii darubini kubwa iliyoliona tangi. Eh? Utasema?"

Mpwa anaipulizia mvuke ile darubini yake ndogo, anafuta kioo kimoja kwa upindo wa nguo, kisha cha pili.